Ndiyo Yenye Maana Mbili: Uhakiki wa Hojaji za Mitambo ya Kupokea Simu

Mtambo unaopokea simu badala ya mtu hauna budi kutungiwa maswali. Maswali hayo, yakipangwa moja baada ya jingine ili mpiga simu ajieleze, huwa hojaji. Nayo hojaji ni matini inayostahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Mtambo ukishindwa kumwelewa mpiga simu, lawama huangukia matamshi yake au uhafifu wa mtambo. Makala hii inadai kwamba mara nyingi kosa limo katika utungaji: swali huwa limeundwa kwa mantiki ya Kiingereza na kuvishwa maneno ya Kiswahili.

Nangina, katika nchi ya Wasamia, Kaunti ya Busia, ni mahali panapofaa kulipimia dai hili. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda; kaskazini yao wako Wakhayo, na mbele zaidi, hadi Malaba, Wateso. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya kukutania, si ya nyumbani. Ichukuliwe kwa mfano mama wa hapo anayeipigia simu zahanati yenye mtambo wa aina hii kuhusu chanjo ya mwanawe.

Mnamo mwaka 1968, Emanuel Schegloff alionyesha kwamba mwanzo wa mazungumzo ya simu una utaratibu wake: mlio wa simu ni mwito, na anayepokea huwa ameuitika. Nangina, baada ya kuitikiana hufuata salamu, iwe “mulembe” au “habari”, ndipo haja itajwe. Mtambo hurukia haja: “Kwa huduma za watoto, bonyeza moja.” Kihusishi “kwa” kimebebeshwa hapo kazi ya Kiingereza. Kiswahili kina kiambishi “-ki-” cha sharti: “Ukitaka huduma za watoto, bonyeza moja.” Sentensi hii inamweka msikilizaji ndani ya tendo, naye anajua ni yeye anayeambiwa.

Hata hivyo, hitilafu hiyo ni ya ufasaha tu. Hatari imo katika swali kanushi. Mtambo ukiuliza, “Mtoto hajachanjwa?”, mama hujibu, “Ndiyo”, maana yake: ni kweli, hajachanjwa. “Ndiyo” ya Kiswahili huthibitisha kauli iliyotajwa. Mtambo uliopangwa kwa mantiki ya Kiingereza huandika kwamba mtoto amechanjwa. Aliyezoea Kiingereza cha shuleni aghalabu hujibu swali lilo hilo kwa “Hapana, hajachanjwa”. Basi majibu mawili yanayopingana kwa umbo yana maana moja, na hojaji haina njia ya kuyapatanisha. Karani angeuliza tena, “Yaani bado?” Mtambo hausiti, kosa huingia daftarini likiwa na sura ya ukweli, na mtoto huachwa bila chanjo.

Saa nazo zina mtego wake. Mama akisema atafika “saa mbili”, anakusudia asubuhi, saa mbili baada ya mapambazuko. Mtambo uliofunzwa saa za Kiingereza huandika 2:00, yaani saa nane. Vivyo hivyo “shilingi ngapi?” ni swali timilifu Nairobi, lakini mpakani lina upungufu, kwa kuwa shilingi ya Kenya na ya Uganda zinapishana sana kwa thamani.

Mtetezi wa mitambo anaweza kusema kwamba hojaji haina budi kuwa fupi, kwani muda wa simu ni fedha. Hoja hiyo ina uzito. Tena mtambo una manufaa yake: huitika usiku, na humhudumia asiyejua kusoma. Lakini “Mtoto amechanjwa?” si refu kuliko “Mtoto hajachanjwa?”, na kurudia jibu kwa sentensi kamili, “Umesema mtoto bado hajachanjwa, nimekuelewa sawasawa?”, huchukua sekunde chache.

Kwa hiyo hojaji itungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, ijaribiwe kwa wasemaji wa mahali itakapotumika, na kila swali lipimwe kwa majibu yanayowezekana kabla ya kupimwa kwa uzuri wa maneno. Kazi hiyo ni ya mwanaisimu kabla ya kuwa ya fundi mitambo. Idara za lugha zikiipuuza, itafanywa na wasiojua kwamba “ndiyo” ina maana mbili.