Mbacha Utakaokuwa: Mwongozo wa Kuujua Mkeka Mzuri wa Ukindu

Barabara ikitiwa lami laini, watu husema imetandikwa mkeka. Orodha ya uteuzi wa viongozi ikitangazwa, simu hujaa ujumbe kwamba mkeka umetoka. Mazungumzo yakifika mwisho, tunakunja jamvi. Lugha yetu imekaa juu ya jani la mkindu tangu zamani. Lakini mpeleke mtu wa mjini sokoni, umtandikie mikeka miwili, mmoja wa kulaliwa miaka na mmoja wa kuchanika kabla ya Ramadhani ijayo, na mara nyingi atachagua wenye rangi kali zaidi. Mimi nilichagua hivyo kwa miaka mingi.

Kaskazi iliyopita, tangu Desemba hadi Machi, nilijipa kazi mbili tu: kusuka na kusoma. Asubuhi nilikwenda shamba, kwa Bibi mmoja anayesuka tangu utotoni, nikaketi chini ya mwembe wake nikijifunza. Mchana, jua likiwa kali na jani likikataa kushikika, nilirudi kwenye vitabu. Katika kamusi nilikutana na methali niliyoisema maisha yangu yote bila kuisikia vizuri: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mbacha wako, na mbacha ni mkeka uliochakaa. Waliotunga methali hii waliujua mkeka mzee kuwa kitu cha kushikiliwa. Basi swali la mnunuzi lisiwe mkeka huu unapendeza vipi leo. Lisiwe jingine ila hili: utakuwa mbacha wa namna gani?

Kwanza, jua unachokitazama

Usihukumu jamvi kwa kipimo cha mkeka. Jamvi ni tandiko pana na nene, kazi yake kukaliwa na watu wengi harusini, matangani na mikutanoni. Aghalabu husukwa kwa miyaa, yaani majani ya mkoche, ambayo ni mapana na magumu. Jamvi zuri ni zito, limebana, halijali viatu. Mkeka wa kulalia na kukalia nyumbani ni wa ukindu, jani la mkindu, mtende wa mwituni uotao kwa vichaka penye maji na mabonde. Jani lake ni jembamba, laini, na hupokea rangi vizuri. Msala ni mkeka mdogo wa kuswalia, na hapo ndipo wasukaji wengi huonyesha ustadi wao wote, kwa kuwa paji la uso litaugusa.

Muuzaji akikuambia mkeka ni ukindu mtupu, tazama chane, yaani vile vipande vilivyochanwa tayari kusukwa. Za miyaa huwa na mishipa inayoonekana wazi na hukwaruza kiganja. Za ukindu huteleza. Mikeka mingine huchanganya, miyaa katikati na ukindu pembeni. Hilo si kosa iwapo bei inalingana na mchanganyiko.

Jani: usikilize

Ubora huanza siku jani linapokatwa. Jani zuri ni changa, lile lililo katikati ya shada ambalo halijafunguka. Kulipata si kazi nyepesi, maana shina la kuti la mkindu lina miiba mirefu, na mikono ya wakataji huwa na makovu. Jani changa likianikwa juani hupauka likawa jeupe la maziwa. Lililokwisha kufunguka na kukomaa hubaki na ukijani au rangi ya majani ya chai, nalo ni gumu. Likinyeshewa mvua katikati ya kukauka, hupata madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki tena. Kwa hiyo tazama sehemu za mkeka zisizotiwa rangi kabla ya kutazama zenye rangi. Weupe ulio sawa kutoka pembe hadi pembe unakwambia kwamba msukaji alichagua majani yake na hakuwa na pupa ya kuyaanua.

Jioni mpwa wangu alinisomea Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert, maana mikono iliyoshika ukindu haiwezi kufungua kurasa. Siti alichuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Kilicho na ufa hutoa sauti iliyokufa. Kesho yake nikamwuliza Bibi kama mkeka nao una sauti.

"Njoo karibu, mwanangu," akasema. Akachukua ukingo wa mkeka mmoja, akaukunja polepole kando ya sikio langu. Nikasikia mlio mdogo mdogo, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Akachukua wa pili, akaukunja vivyo hivyo. Ule ulinong'ona tu. Wa kwanza ulisukwa kwa majani yaliyokomaa, na kila mlio ulikuwa uzi wa jani unaokatika. Tangu siku hiyo sinunui mkeka bila kuukunja pembe na kuinamisha kichwa.

Chane na ukili: hesabu, kisha inua kwenye mwanga

Mkeka wa kwetu hausukwi mzima mzima. Kwanza husukwa ukili, ukanda mwembamba na mrefu sana, kisha kanda hizo hushonwa bega kwa bega. Ng'ambo ya bahari, Oman na nchi nyingine za Ghuba, jani la mtende husukwa kwa njia hiyo hiyo, ukanda kwanza na mshono baadaye.  Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba mkeka una hukumu mbili, ya ukili na ya mshono. Kuna wasukaji hodari wenye mshono mbovu, na washonaji hodari waliopewa ukili mbovu.

Katika ukili, tafuta usawa. Laza kidole gumba juu yake, uhesabu chane zinazopita chini ya upana wake. Hamisha kidole mahali pengine patatu, uhesabu tena. Chane nyembamba huleta mkeka laini na wenye bei, lakini wembamba peke yake si ubora. Hesabu ikiwa ile ile kila mahali, hata kama chane ni pana, aliyechana alikuwa na mkono mtulivu. Hesabu ikirukaruka, nyembamba zitabebeshwa mzigo wa pana na zitakatika kwanza.

Kisha inua mkeka kwenye mwanga. Hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Jani kavu huvunjika vidoleni, kwa hiyo husukwa likiwa na unyevu. Upepo wa kaskazi hukausha kila kitu, na mimi, kwa kuogopa kuvunja, nililowesha ukindu wangu usiku kucha. Ukili wangu wa kwanza ulitoka umebana vizuri kabisa, nikauanika kwa fahari. Siku ya tatu ulikuwa na vitundu kama chujio. Jani lililoshiba maji hunenepa, likikauka hunywea na kuacha nafasi. Bibi hunyunyizia tu, kisha hufunga chane zake katika kitambaa chenye unyevu, na husuka alfajiri au baada ya alasiri. Mwanga ukipita katikati ya chane za mkeka unaotaka kuununua, ujue ulisukwa umelowa mno. Vitundu hivyo havizibiki, na ndivyo vitakavyopokea vumbi na kucha za watoto.

Sasa ugeuze. Msukaji huongeza chane mpya kila ya zamani inapokaribia kwisha, na ncha zake huachwa upande wa chini. Ncha nzuri zimekatwa sawa, fupi lakini si za kunyolewa kabisa. Zikiwa ndefu na ovyo, kazi haikumaliziwa. Zikiwa zimekatwa hadi kwenye ukili wenyewe, zitachomoka mkeka ukianza kukaliwa. Vuta moja kwa kucha. Ikitoka kwa wepesi, rudisha mkeka mahali pake.

Rangi: iache mwisho

Muuzaji huanza na rangi. Wewe anza na mengine, rangi iwe ya mwisho mwisho. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa. Siku hizi chane nyingi huchemshwa katika rangi za unga za dukani. Rangi ya dukani haina ubaya wowote, ubaya ni kuichemsha kwa haraka. Ukindu uliotolewa sufuriani mapema hushika rangi juu ya ngozi tu. Lowesha kitambaa cheupe, usugue mahali penye rangi nyekundu au zambarau kwa muda wa kuhesabu hadi 20. Kitambaa kikitoka na wekundu hafifu, ni kawaida kwa mkeka mpya. Kikitoka chekundu hasa, mkeka utachuja hadi kwenye mashuka yako.

Jaribio la pili halihitaji maji. Panua chane mbili kwa ukucha uone pale zinapopishana, mahali jua halijafika. Rangi ya ndani ikiwa mbichi na ya nje imepauka wakati mkeka bado uko dukani, fikiria miaka miwili barazani kwako.

Ama mapambo, sheria yangu ni moja. Nakshi iliyosukwa ndani ya ukili, kwa kupanga chane za rangi tangu mwanzo, itadumu kadiri ukili unavyodumu. Nakshi iliyochorwa au kupakwa juu baada ya kusuka itaondoka na miguu.

Mshono na pindo

Shika kanda mbili zinazopakana, uzivute kwa nguvu kulia na kushoto kama unayepasua kanga. Mshono mzuri hupita katika mikunjo ya ukingo wa kila ukili na kuzama, hata macho hulazimika kuutafuta. Mshono mbaya hupanda juu na kuonekana kama ngazi. Ukiona uzi wa nailoni, usikasirike, lakini tazama kama umeanza kukata jani. Nailoni ni ngumu kuliko ukindu, na ikivutwa sana hufanya kazi ya kisu.

Katika mkeka wa nakshi, fuata pambo moja linapovuka mshono kutoka ukili hadi ukili. Yakikutana, mshonaji alipanga kanda zake sakafuni kabla ya kushika sindano. Kwangu hii ndiyo alama ya juu kuliko zote, kwa sababu hakuna anayemlazimisha mtu kufanya hivyo.

Pindo ni ulinzi wa mkeka. Pembe nne ndizo hufa kwanza, basi zikunje, uone kama pindo limezunguka kwa ukanda mmoja au limeungwaungwa.

Bei ya haki

Kabla ya kuomba upunguziwe, piga hesabu hii. Mkeka wa urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, ukiwa na ukili wa upana wa sentimita 5, una kanda 30. Hizo ni mita 60 za ukili, yaani karibu pima 33, bila pindo, bila kushona, bila kukata, kuanika, kuchana na kutia rangi. Mimi asubuhi nzima sikufikisha pima moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, mwanaanthropolojia Pat Caplan aliandika juu ya wanawake ambao mikeka iliwapa fedha za mikononi mwao wenyewe. Ndivyo ilivyo bado katika nyumba nyingi za pwani. Mkeka ukifaulu majaribio yote haya, ulipe bei yake.

Omba uuone mbacha

Mwishoni mwa Machi, mawingu ya masika yakianza kujikusanya, nilimwomba Bibi anionyeshe mkeka anaolalia yeye. Alisita, maana wageni hutandikiwa mpya. Kisha akaingia ndani, akautoa.

Nyekundu yake ilikwisha kuwa rangi ya chai. Pindo lilikuwa jipya kuliko mkeka, amelibadilisha mara mbili. Katikati, pale mwili unapolala, chane zilikuwa zimeng'aa kama mpini wa jembe. Nikaukunja pembe, nikainamisha kichwa: ulinong'ona. Nikauinua kuelekea mlangoni, na mwanga haukupita. Nikavuta kanda mbili, na mshono ulikaa.

"Umri wake ni wa kitinda mimba wangu," akasema, "na yeye sasa ana watoto."

Ukienda kununua kwa msukaji mwenyewe, mpe salamu, kaa, na kwa adabu umwombe uone mbacha wake. Mpya wowote unaweza kupendeza kwa siku moja ya soko. Mimi sikuununua ule wa Bibi, wala asingeuuza. Nilichukua mpya kutoka kwa mkono ule ule, mweupe na mweusi, na usiku huo nikaulalia.