Mzee Spencer na neno ambalo hakulisema

Kila nikiirudia riwaya ya J.D. Salinger, The Catcher in the Rye (1951), hukwama katika sura ya pili. Holden Caulfield, mvulana wa miaka 16, amefukuzwa shuleni Pencey baada ya kufeli masomo manne kati ya matano. Kabla ya kuondoka, anapita kumuaga mwalimu wake wa historia, mzee Spencer, aliyemwandikia kijibarua kumwita.

Wahakiki wengi humwona Spencer kama mfano tu wa watu wazima wanaomchosha Holden kwa mawaidha. Nilipokuwa kijana nami nilimsoma hivyo. Siku hizi nasita.

Hebu tutazame anachokifanya. Ni mzee, mafua yamembana, kajifunika blanketi kuukuu. Alama zimeshatolewa na shule imeshaamua. Hana wajibu wowote kwa kijana huyu, ila bado amemwita. Huo ni upendo.

Tatizo ni kwamba upendo wenyewe hauna njia ya kutokea. Spencer anachukua karatasi ya mtihani na kumsomea Holden, kwa sauti, insha yake mbovu kuhusu Wamisri wa kale. Hata maneno ambayo Holden aliyaandika chini ya insha, kumwondolea mwalimu lawama ya kumfelisha, nayo anayasoma. Ajabu ni kwamba hapo aliyeanguka ndiye anayemliwaza aliyemwangusha! Na huku mzee akinena, mawazo ya Holden yako New York, kwa bata wa Central Park: wanakwenda wapi maji yakiganda?

Hoja yangu ni kwamba Salinger hakumuumba Spencer mbaya, bali alimpa lugha finyu. Msamiati wake wote ni wa darasani: masomo, mtihani, maisha ya baadaye. Hamna swali hata moja kuhusu Allie, mdogo wake Holden aliyekufa kwa saratani ya damu. Kiswahili kina neno “pole”, ambalo halichunguzi kosa ni la nani. Ukijikwaa unapewa, ukifiwa unapewa, ukifeli pia. Spencer hana neno kama hilo.

Lakini tusijipigie makofi mapema. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeacha masomo ya uzamili katikati, alibisha ofisini mwangu. Nilifurahi mno kumwona. Kabla hajaketi vizuri nikatoa rasimu yake kabatini, nikaanza kumwonyesha kasoro za sura ya tatu. Alisikiliza kwa adabu, akasema, “Asante, Prof,” akaenda zake. Baadaye nilipata kujua kwamba alikuja kuomba barua ya kumpendekeza kazini. Sikumpa nafasi ya kuomba. Nilikuwa na neno “pole” kinywani, na sikulitumia.

Holden naye anajiondoa kwa uongo, eti ana vitu vya kuchukua ukumbi wa michezo. Mzee anampazia sauti akimtakia heri, na kijana anaondoka na huzuni. Alijua anapendwa. Hakujua tu aupokee vipi upendo uliofungwa ndani ya karatasi ya mtihani.

Walimu wenzangu, wazee wetu walitufunza utaratibu: salamu kwanza, kisha habari, ndipo shughuli. Mwanafunzi wa zamani akibisha hodi, rasimu na zikae kabatini. Mwambie, “Karibu, keti. Habari za siku nyingi?” Kisha nyamaza umsikilize.