Kitanda cha Mwana Kupona

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walipouchapisha Utendi wa Mwana Kupona, waliupa kichwa cha Kiingereza chenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke. Kichwa hicho kimeudhuru utendi kuliko kosa lolote la uhariri. Tangu hapo umesomwa, na kulaumiwa, kama kitabu cha unyumba, na aghalabu husahauliwa kwamba msemaji wake ni mgonjwa.

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amefariki mwaka 1856; yeye mwenyewe alikufa yapata mwaka 1860. Anamwita bintiye aketi karibu, na wino na karatasi, akimweleza kuwa ameugua mwaka mzima. Basi beti za kumhudumia mume zinatoka kinywani mwa mjane aliye kitandani. Na zitazamwe upya: mume alalapo asishtuliwe, apapaswe, asikose wa kumpepea, atunzwe kama mtoto asiyejua kunena. Hii ni lugha ya uuguzi. Anayeihitaji huduma hiyo ndiye anayeifundisha, wala haidai kwa ajili yake.

Hoja hii haifuti ukali wa mafunzo yenyewe. Radhi ya mume imewekwa pamoja na ya Mungu, Mtume, baba na mama, na hakuna ufundi wa mhakiki utakaoiondoa hapo. (Wanaoona kejeli tupu katika beti hizo wamemwonea haya mtunzi bure.) Lakini imani yake haipimwi kwa beti hizo pekee. Katika dua anaomba kupona, bila kujifanya kuwa hatamani kuishi. Kisha anawakabidhi kwa Mola watoto na jamaa zake.

Husemwa kwamba Kiamu chake hakiwafai wanafunzi wa bara. Katika Kaptembwo, mtaa wa Nakuru ambamo Kiswahili huwaunganisha majirani wa lugha nyingi, ugumu wa msamiati ni wa kweli, na mwalimu hana budi kuufafanua. Hali yenyewe, hata hivyo, haihitaji kamusi: mama mgonjwa katika chumba kimoja, binti ameitwa apokee maagizo. Mwalimu akianzia hapo, akaziacha beti za mume zingoje zamu yake, na akafika kwenye hirizi na kidani cha lulu na marijani ambavyo mama anaahidi kumvika bintiye, darasa litatambua bila kuambiwa kwamba vyote viwili ni maneno.