darktable Imeinasa Ngozi ya Bibi Harusi!

Jamani, wapiga picha za harusi wote, acheni mnachofanya msome hapa kwanza! Nimeifungua darktable, programu ya bure ya kuhariri picha za RAW kwenye Linux, Windows na Mac, nikitaka tu kuona inavyohamisha rangi kutoka picha moja kwenda nyingine. Sikutegemea nilichokikuta.

Kunakili kwa kawaida tunakujua sote. Picha moja imeshaiva, unabonyeza Ctrl+C, unachagua zilizobaki, Ctrl+V, kwisha. Ukiongeza Shift kwenye kunakili, inakuletea orodha ya yote uliyoifanyia picha, utie tiki unayoyataka na uache, tuseme, namna ulivyoikata kingo. Safi sana. Lakini kinachofuata mnakijua: bibi harusi aliyependeza bustanini saa kumi jioni, akifika ukumbini chini ya taa za njano anakuwa kama kapakwa binzari. Namba ni zilezile, mwanga si uleule! Ulichobandika ni mipangilio tu.

Sasa sikieni! Ndani ya moduli iitwayo color calibration, kule chini, mna kisehemu ambacho ni rahisi kukipita bila kukiona. Unachagua kupima, unachora kisanduku kwenye paji la uso la bibi harusi katika picha uliyokwisha kuimaliza, na darktable inaisoma rangi ile: mwangaza wake, ni rangi gani hasa, imekolea kiasi gani. Halafu inaikumbuka. Unahamia picha ya ukumbini, unabadili kutoka kupima kwenda kusahihisha, unachora kisanduku juu ya paji lilelile, na hapohapo ngozi inarudi! Imekokotoa yenyewe ni mwanga wa rangi gani ulioipotosha, ikaurekebisha kwa picha nzima. Shela nalo likawa jeupe, wala sikuligusa! Moduli ya exposure nayo ina upimaji wa namna hiyohiyo kwa ajili ya mwangaza, kwa hiyo hata picha iliyotoka na giza inaletwa ilingane na mwenzake.

Kwa nini nashangilia hivi? Kwa sababu nimechoka na vichujio vya kununua vinavyoipausha ngozi yetu nyeusi ikawa kijivu, au vikaipeleka kwenye chungwa. Hapa kipimo ni ngozi ya bibi harusi mwenyewe, ulivyoiona ukaridhika nayo. Mama yake akifungua albamu anamwona binti yake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Taa za DJ bado zina ukaidi wake. Shavu moja likiwa la zambarau na jingine la kawaida, sahihisho moja halitoshi. Itabidi uongeze moduli ya pili na kuizungushia maski eneo lile tu. Jaribu bila woga, kwani faili ya RAW haiguswi kamwe: kila badiliko linaandikwa kwenye kifaili kidogo cha XMP kando yake.

Kisanduku chenyewe kichoreni mahali pasipong'aa kwa jasho wala poda, na picha ya kupimia iwe ile yenye mwanga mzuri kuliko zote. Pakueni leoleo, harusi za Jumamosi zinakuja!