Fundi wa Jahazi Hahitimu

Jahazi la Lamu au la Nungwi, kwa desturi, halianzii kwenye karatasi. Mwenye chombo na fundi huzungumza mambo machache: urefu wa mkuku ulio uti wa mgongo wa chombo, mzigo utakaopakiwa, bahari itakayopitwa na fedha iliyopo. Baada ya hapo hesabu hukaa kichwani mwa fundi. Mkuku hulazwa, hanamu husimamishwa mbele na fashini nyuma, kisha umbo lote lililobaki hutafutwa kwa uzi, shibiri, dhiraa na jicho. Mhandisi akipita hapo aweza kudhani watu wanabahatisha. Lakini chombo hicho kitapakia mchanga au boriti za mikoko hadi maji yakaribie ukingo, kitakata mkondo wa Pemba wakati wa kusi, na kitarudi kupakia tena. Bahati haiwezi kurudia kazi ya namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Hapo pana elimu, na dai langu ni kwamba elimu hiyo inatuonyesha kujifunza maisha yote kulivyo hasa, kwa sababu kazi yenyewe haimruhusu fundi kuhitimu.

Tazama taruma, yaani ubavu wa chombo. Ubao ulionyooka ukikatwa kwa msumeno ili upate tao, nyuzi za mti hukatika njiani, na pale zilipokatika ndipo taruma litakapopasuka siku ya wimbi kubwa. Kwa hiyo fundi hutafuta tawi au shina lililopinda lenyewe tangu likikua, ili nyuzi zifuate tao kutoka ncha hadi ncha. Huenda akasimama chini ya mwembe uliokwisha kuzaa akauona ubavu wa chombo ambacho bado hakijalazwa mkuku. Sasa, hakuna miti miwili iliyopinda sawasawa. Taruma la mwaka jana humfundisha fundi namna ya kutazama, lakini halimpi jibu la taruma la leo. Mbao nazo zina tabia zake: mvule na msaji havikauki kwa mwendo mmoja, na ubao uliokatwa juzi hautulii kama ule uliolala kivulini miezi kadhaa. Kila chombo, basi, ni mtihani mpya, na anayedhani amekwisha kujua huumbuliwa na maji.

Kalafati ni ushahidi mwingine, na pengine ndio mzito zaidi. Pamba iliyotiwa mafuta hupigwa kwa patasi na nyundo katika nafasi kati ya ubao na ubao. Ikipigwa kidogo, maji hupenya. Ikipigwa kupita kiasi, mbao zikilowa na kuvimba hukosa pa kwenda, husukumana, na misumari hulegea. Kipimo kilicho kati ya hapo hakiandikiki kwa urahisi. Hujulikana kwa mlio wa nyundo na kwa jinsi mkono unavyorudi baada ya pigo. Ndiyo maana kijana huanza kwa kusokota pamba, kushika ncha ya uzi na kuokota misumari iliyoanguka. Wanaoziita kazi hizo utumwa mdogo wana haki kwa kiasi fulani, nami nitarudi hapo. Hata hivyo, kijana anayesokota pamba huwa karibu na nyundo kwa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa yake, na sikio lake hufunzwa kabla ya mkono.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ujuzi unaokaa mikononi hufa pamoja na mikono. Hili silikatai, kwani pwani yetu inayo maiti ya kuonyesha. Mtepe ulikuwa chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, na kitabu cha Wagiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, tayari kinataja vyombo vya kushonwa huku kwetu. Katika karne ya 20 mitepe ilitoweka, na ushonaji wake ukaondoka nayo. Mtepe wa mfano ulipojengwa Zanzibar mwaka 2003, ilibidi kutegemea mifano midogo na maandishi ya zamani. Je, basi maandishi yangetosha? Oman wanatupa jibu. Mwaka 1998 mabaki ya merikebu ya karne ya 9, nayo ya kushonwa, yaligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Wataalamu waliyachunguza, na Oman ikajenga chombo cha kufanana nayo, Jewel of Muscat, kilichosafiri hadi Singapore mwaka 2010. Vipimo vilitoka kwa wasomi, lakini kwa ushonaji waliitwa watu kutoka Kerala, India, ambako kamba na mbao hazijaachana. Kuandika ni lazima, nasi tumechelewa mno kuandika ya kwetu. Lakini karatasi ilihitaji mtu ambaye bado anashona.

Pingamizi la pili ni la sokoni: boti za faiba zimefika, mbao nzuri ni ghali, na kumfunga kijana kwenye tezo ni kumfundisha kazi inayokwisha. Hapa watu huchanganya zana na ujuzi. Mwaka 2018 lilizinduliwa Lamu jahazi liitwalo Flipflopi, la mita zipatazo 9, lililojengwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, na kuvikwa kandambili kuukuu za rangi zote. Fundi Ali Skanda wa Lamu ndiye aliyeongoza ujenzi wake, na mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Plastiki haina nyuzi za kufuatwa, na haivimbi ikilowa kama ubao. Kanuni ya kukariri ingewaacha mafundi hao mikono mitupu. Kilichowavusha ni mazoea ya kukiuliza kila kitu wanachokishika kitabeba nini na kitapinda wapi, mazoea ambayo mti uliwalazimisha kuwa nayo.

Limebaki suala la haki, ambalo wapenzi wa ufundi wa jadi hulipita haraka. Wapo mafundi wanaomtumikisha kijana kwa miaka bila ujira, wanaoficha siri kwa asiye wa ukoo, na kwa wasichana uwanja wa majahazi umefungwa karibu kabisa. Ninasifu namna ya kujua, si kila tabia ya anayejua. Kijana asiye na cheti naye hukosa mkopo na zabuni, hata akiwa stadi kiasi gani. Tanzania ina njia ya kuanzia: VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti watu waliopata ujuzi wao nje ya chuo. Ni jambo jema, ila linamsogeza fundi upande wa chuo na kukiacha chuo mahali pake. Mimi ningependa safari iwe ya pande zote mbili. Vyuo vya ufundi vya pwani vimwajiri fundi wa jahazi kuwa mwalimu bila kumdai cheti cha kidato cha nne, na somo lifanyike ufukweni penye chombo cha kweli na mwenye mali anayekisubiri. Mwanafunzi angejulikana kwa jina, saa zake zingehesabiwa na ujira wake ungeandikwa. Msichana naye angeingia kwa fomu ileile ya maombi, bila kusubiri baba yake awe na uwanja.