Subira na Tumbo: La Peste ya Albert Camus Mbele ya Msomaji wa Kiswahili

Riwaya ya La Peste, aliyoitoa Albert Camus mwaka 1947, si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa katika Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoanza kuifunga miji ya Ulaya, riwaya hiyo ilitafutwa upya, na mauzo yake yakapanda sana huko Ufaransa na Italia. Wasomaji walitaka kujua jinsi watu waliofungiwa mjini wanavyopitisha siku zao. Kusudi la uhakiki huu si kurudia sifa ambazo kitabu hicho kimekwisha kupewa. Ni kukiuliza swali moja: subira inayosimuliwa humo, je, ndiyo ile ambayo msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, Bukavu au Beni angeitambua kwa jina hilo?

Kwanza yafaa kukumbusha mambo yenyewe kwa ufupi. Hadithi inatokea Oran, mji wa pwani ya Algeria, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Ufaransa. Panya wanatoka mashimoni na kufa njiani; baada ya panya, watu. Wakuu wanasitasita kulitaja jina la ugonjwa, kisha milango ya mji inafungwa ghafula. Barua zinakatazwa zisije zikachukua maradhi. Simu za mji kwa mji zinabanwa. Inabaki telegramu, yenye maneno machache yasiyotosha mapenzi ya mtu na mkewe. Petroli na vyakula vinatolewa kwa kipimo. Sinema zinaonyesha picha zile zile, kwa kuwa mpya haziwezi kuingia. Tabibu Rieux, ambaye mwishoni anajifunua kuwa ndiye msimulizi, ametengana na mkewe aliyekwenda kutibiwa mbali. Utengano huo mwandishi hakuusikia kwa wengine. Mwaka 1942 Camus alikuwa milimani Ufaransa akijiuguza kifua kikuu. Majeshi ya Uingereza na Marekani yaliposhuka Afrika ya Kaskazini mwezi wa Novemba mwaka huo, njia ilikatika, naye akabaki upande mmoja wa bahari, mkewe Oran.

Sasa yatazamwe maneno. Kifaransa kina neno moja kubwa la kutaja hali hiyo ya moyo. Kiswahili kina kadhaa, na hayalingani. Kungoja ni kukaa mpaka jambo lifike. Hakudai wema wowote wa moyo, kwani hata mwizi hungoja usiku. Kusubiri ni kungoja kwa moyo uliotulia, na neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, limebeba rangi ya dini. Kuvumilia ni kupokea maumivu bila kuanguka. Kustahimili nako kuna asili ya Kiarabu inayohusiana na kubeba mzigo. Methali pia zimegawanyika. Upande mmoja husemwa kwamba subira huvuta heri na kwamba mvumilivu hula mbivu. Upande wa pili husemwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee waliotuachia methali hizo hawakukosa akili kwa kusema mambo mawili yanayopingana. Walijua kwamba kila moja ina mahali pake, na kwamba hekima ni kujua ni nani anayeitumia, na kwa nani.

Wahusika wa Camus wanaweza kupangwa kwa kipimo hicho. Yuko mzee mmoja Mhispania, mgonjwa wa pumu, anayekaa kitandani akihamisha dengu kutoka chungu kimoja hadi kingine, moja moja, na kwa dengu hizo anapima saa zake. Huyo anangoja tu. Tauni ije au iondoke, vyungu vyake ni viwili. Yuko Rambert, mwandishi wa gazeti kutoka Paris, ambaye mji si wake na ugonjwa si wake kwa maoni yake. Yeye hataki kungoja wala kuvumilia, anatafuta njia ya kutoroka arudi kwa mpenzi wake. Siku ya kutoroka inapofika anakataa kwenda, kwa kuona aibu ya kufurahi peke yake. Yuko Grand, karani mdogo wa manispaa, ambaye kwa miaka anaandika upya sentensi ya kwanza ya riwaya yake bila kuridhika, na ambaye jioni, baada ya kazi yake ya mchana, anashika hesabu na majina kwa ajili ya vikosi vya afya. Msimulizi anamtaja huyu kuwa ndiye angestahili kuitwa shujaa, ikiwa shujaa lazima awepo. Hapo ndipo uzuri wa kwanza wa riwaya unapoonekana. Subira inayosifiwa si ya mzee wa dengu bali ya karani: ni kustahimili kwa kufanya kazi, tena kazi isiyo na utukufu.

Lakini msomaji wa Kongo ana swali ambalo riwaya inaligusa kwa ncha ya kidole tu: hao wanaosubiri wanakula nini? Camus hakulisahau kabisa. Anaeleza kwamba walanguzi walipandisha bei, kwamba familia maskini zilitaabika ilhali za matajiri hazikukosa karibu chochote, na kwamba wenye njaa walifikia kudai wapewe mkate au waachiwe watoke mjini. Hata hivyo hayo yanakuja sehemu za mwisho, kwa kurasa chache, kisha simulizi linarudia vyumba vya wagonjwa na mazungumzo ya usiku. Njaa imeandikwa kama jambo mojawapo kati ya mengine. Katika miji ya Kongo mwaka 2020, njaa ndiyo iliyokuwa sentensi ya kwanza.

Mambo ya Kinshasa yanatosha kuwa ushahidi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura na kuutenga mji mkuu na majimbo mengine. Siku mbili baadaye liwali wa mji alitangaza kwamba wakaaji wangefungiwa majumbani kwa zamu: siku nne ndani, siku mbili nje kwa ajili ya kununua chakula. Watu walikimbilia sokoni, bei zikaruka, na kabla amri haijaanza kutumika ikaahirishwa. Mwishowe, tangu tarehe 6 Aprili, ilifungwa komini ya Gombe tu, penye ofisi za serikali, mabenki na balozi. Wale wanaopanda basi kila asubuhi kutoka Masina, Ndjili au Kimbanseke kwenda kuuza, kubeba na kusafisha huko, hawakufungiwa ndani, walifungiwa nje. Kwao mlango uliofungwa ulikuwa mlango wa riziki.

Lubumbashi ilionja jambo hilo kwa muda mfupi zaidi. Mwezi wa Machi 2020, baada ya wasafiri wawili waliotoka Kinshasa kwa ndege kushukiwa kuwa na ugonjwa, wakuu wa jimbo la Haut-Katanga waliufunga mji kwa saa 48. Siku mbili ni kidogo kwa mwenye ghala. Kwa mama anayenunua unga wa bukari kwa kipimo cha siku moja, na makaa ya kuupikia kwa kifuko kimoja, siku mbili ni hesabu nzito. Subira ya nyumba kama hiyo haipimwi kwa uthabiti wa moyo; inapimwa kwa kina cha chungu. Kusema hivi si kuwadharau wenye njaa, kana kwamba hawana roho. Ni kukataa kuwalaumu kwa kukosa fadhila ambayo wengine wameinunua kwa akiba.

Kuna kasoro nyingine, na hii imekwisha kuelezwa na wahakiki wengi, miongoni mwao Conor Cruise O'Brien mwaka 1970 na Edward Said mwaka 1993. Mji wa Oran wa riwaya hauna Waarabu wanaosema. Rambert alikuja kuchunguza jinsi Waarabu wanavyoishi. Rieux anamwuliza kama ataruhusiwa kuandika ukweli wote. Mazungumzo yanakwisha, na Waarabu wanatoweka pamoja nayo. Kwa swali la subira kasoro hii si ndogo. Wenyeji wa Algeria walikuwa wakivumilia jambo jingine muda mrefu kabla ya panya wa kwanza kufa. Msomaji anaonyeshwa uchungu wa watu wanaozuiwa kutoka kwa mara ya kwanza maishani mwao, bila kuonyeshwa majirani ambao kuzuiwa kulikuwa mazoea yao.

Kiswahili chenyewe kinatoa njia ya kuihukumu riwaya kwa haki, kupitia jambo dogo la sarufi. Padri Paneloux anahubiri mara mbili. Mara ya kwanza anawaambia waamini kwamba msiba huo umewastahili, na anawasemesha kwa nafsi ya pili. Baadaye anashuhudia mtoto wa hakimu Othon akifa kwa mateso. Anapopanda tena mimbarini, msimulizi anaona badiliko moja: padri hasemi tena «ninyi», anasema «sisi». Kwa Kiswahili badiliko hilo lingekaa ndani ya kitenzi: kutoka «vumilieni» hadi «tuvumilie». Silabi ni chache, lakini umbali kati ya maneno hayo mawili ni sawa na umbali wa ofisi na soko. La kwanza linatoka juu na kushuka. La pili linamtia msemaji katika foleni ile ile, mbele ya ndoo ile ile ya maji na sabuni.

Watu wa Beni na Butembo wanaifahamu tofauti hiyo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliendelea huko mashariki hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2.287. Wakaaji walivumilia kunawa na kupimwa joto njiani, wakavumilia hata mazishi bila kumgusa marehemu. Lakini walipoambiwa kwamba kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama hawatapiga kura pamoja na taifa tarehe 30 Desemba 2018, baadhi ya watu wa Beni walijipangia kura yao ya mfano siku hiyo hiyo, wakisimama kwenye mistari. Haikuwa na nguvu ya sheria. Wala haikuwa utovu wa subira, kwa maana mistari ile yenyewe ilikuwa ya watu wenye subira. Walichokataa ni «vumilieni» isiyo na «tuvumilie» ndani yake. Mhusika wa namna hiyo, anayestahimili ugonjwa lakini akadai haki yake kwa adabu, Camus hakumwumba.

Je, riwaya iwekwe kando basi? Hasha. Ingekuwa hasara kumnyima mwanafunzi kitabu kinachofundisha kwamba msiba hauondolewi kwa maneno makubwa, na kwamba kuhesabu vizuri, kuosha, kuandika majina na kurudi kesho yake ni aina ya ujasiri. Grand anaugua, anaagiza miswada yake ichomwe, anapona, kisha anaianza upya sentensi yake akiwa ameziondoa sifa zote. Hiyo ni subira ambayo fundi yeyote wa Kongo angeiheshimu. Lakini kitabu kisomwe pamoja na hesabu ya soko, na mwalimu asiruhusu darasa lifike ukurasa wa mwisho bila kuuliza Waarabu walikwenda wapi.

Hali ya dharura iliondolewa nchini mwezi wa Julai 2020. Amri ya kutotoka usiku ilikuja baadaye, Desemba mwaka huo, nayo ikapita. Maneno yamebaki. Yule atakayeandika kwa Kiswahili riwaya ya miezi ile hatahitaji kuazima tauni ya Oran. Ana methali mbili zinazogombana, ana vitenzi vinne visivyolingana, na ana mama mmoja mbele ya jiko akipima unga wa leo ili kesho isije mikono mitupu. Subira huvuta heri, hapana shaka. Lakini anayeihubiri na aanze kwa kuonyesha chungu chake.