Kitabu cha Heroe na Matope ya Natron

Msomaji, ukikipata kitabu cha Leslie Brown kiitwacho The Mystery of the Flamingos, kilichochapishwa London mwaka 1959, yamkini utafanya kama nilivyofanya mimi. Utazipita upesi kurasa nyingine ili ufike mahali pa matope. Hapo ndipo pasifiwapo na karibu kila mtu asimuliaye habari za kitabu hiki. Nami nilipasifu, tena nilipasoma kwa sauti mbele ya darasa langu hapa Usenge. Leo nataka kukueleza kwa nini naona kuwa sifa ile ilikosea njia, na kwa nini kitabu chenyewe ni bora kuliko sifa tulizokipa.

Kwanza sikiliza habari yenyewe. Brown alikuwa ofisa wa kilimo katika Kenya, na moyo wake ulipenda ndege. Heroe mdogo, yule ndege mrefu wa rangi ya waridi ambaye wengi humwita flamingo, huonekana kwa makundi makubwa katika maziwa ya magadi kama Nakuru na Bogoria. Lakini wataalamu hawakujua kwa hakika mahali atagapo mayai yake katika Afrika ya Mashariki. Hilo lilikuwa fumbo la ajabu: ndege wengi kiasi hicho, waonekanao toka mbali, na viota vyao vimefichika! Mwaka 1954 Brown aliruka kwa eropleni juu ya Ziwa Natron, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati ule, akaviona viota juu ya matope ya magadi, mbali na ukingo. Mahali hapo ni kama kisiwa cha upweke. Mtumbwi haupiti, na mguu hauna pa kukanyaga. Fisi na mbweha hawafiki, na kwa sababu hiyo heroe hulea watoto wao kwa salama.

Brown hakuridhika kuviona viota toka juu. Alitaka kuvifikia kwa miguu. Ganda la magadi likavunjika chini yake, tope likamshika, jua likamchoma, na maji yake ya kunywa yakaharibiwa na magadi. Alirudi akiwa karibu na kufa, ngozi ya miguu yake imebabuka, akalazwa hospitalini kwa majuma kadhaa. Habari hii ina nguvu nyingi, na atakayeisoma hawezi kuisahau.

Siku niliyoisoma darasani palikuwa na utulivu wa ajabu. Jumamosi iliyofuata vijana wangu wawili walichukua mtumbwi bila ruhusa, wakaingia katika mafunjo wakati wa jioni kutafuta viota vya ndege. Upepo uligeuka. Gugu maji likasukumwa, likaziba mlango walioingilia, nao wakalala humo usiku kucha katikati ya mbu na giza. Alfajiri wavuvi wa omena waliokuwa wakirudi nyumbani walisikia sauti zao, wakawatoa. Nilipowauliza walikwenda kutafuta nini, mmoja alijibu huku akitetemeka, "Tulitaka kuwa kama yule wa kitabuni, Mwalimu."

Mzee aliyewaokoa alinitazama, akasema kwa upole, "Mwalimu, hicho kitabu chako hakikusema kuwa upepo wa ziwa hugeuka?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani, nikakisoma kitabu upya tangu mwanzo, bila ya kuruka ukurasa. Ndipo nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: viota vilikwisha kuonekana kabla Brown hajatia mguu wake katika tope. Fumbo lilifunguliwa na jicho lililotazama mahali panapofaa, likatazama vema. Tope halikumfundisha heroe alipo. Lilimfundisha Brown mipaka ya mwili wake. Elimu iliyobaki, ya jinsi heroe ajengavyo kichuguu cha tope, atagavyo yai moja tu, na vifaranga wakusanyikavyo kwa makundi makubwa, ni elimu ya kungoja, kuhesabu, kulinganisha na kurudi tena.

Basi lawama yangu kwa kitabu ni hii: matope yamesimuliwa kwa nguvu nyingi hata sauti ya kurasa zilizo tulivu haisikiki vizuri. Lakini lawama kubwa zaidi ni yetu sisi wasomaji na walimu, tuliochukua ajali ya mtu tukaifanya kuwa ndiyo kazi yake. Hatari si elimu. Hatari ni kodi ambayo elimu hutoza mara nyingine, na mwenye busara hutafuta njia ya kulipa kidogo.

Usidhani kuwa jambo hili ni la zamani tu. Katika kisiwa cha Europa, kilicho baharini kati ya Msumbiji na Madagaska, Mfaransa Henri Weimerskirch na wenzake waliwafunga ndege wa bahari waitwao frigeti vyombo vidogo vya kupima mwendo na kimo. Frigeti hutafuta chakula chake baharini, lakini manyoya yake hulowa, kwa hiyo hawezi kupumzika juu ya maji. Mwaka 2016 wataalamu hao walitangaza kuwa ndege huyu aweza kukaa angani hata miezi miwili, akipandishwa na hewa iliyo chini ya mawingu. Chombo ndicho kilichosafiri. Kazi ya binadamu ilikuwa kumshika ndege kwa uangalifu, kungoja, na kuzisoma hesabu bila ya kujidanganya.

Katika darasa lilelile langu alikuwamo msichana ambaye hakusifiwa na mtu. Kwa muda wa siku arobaini alisimama kila jioni mahali pamoja ufukoni, panapoanikwa omena, akahesabu yangeyange. Aliandika tarehe, upepo na idadi. Nilipolitazama daftari lake niliona idadi ikishuka sana, kisha ikipanda, nikamwambia kuwa amekosea kuhesabu.

"Sikukosea, Mwalimu," akasema. "Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti omena, na wavuvi hawaendi. Hakuna kilichoanikwa, na yangeyange hawaji. Niliwauliza wavuvi."

Habari ya mwezi wavuvi waliijua tangu zamani, naye alikuwa na adabu ya kuwauliza. Habari ya yangeyange aliiongeza yeye, kwa penseli na daftari la senti chache, wala hakulowa hata unyayo. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, nikasoma kurasa zake kwa sauti kama nilivyosoma zile za Brown.

Kwa hiyo, msomaji, kitafute kitabu cha heroe ukisome chote. Ufikapo kwenye matope, mheshimu mtu aliyeteseka, wala usimcheke. Kisha endelea mbele, kwa maana utamu wa kitabu haukuishia hapo. Na kama nawe wataka kufuata ndege, anza na wale wapitao mbele ya mlango wenu, uandike kila siku hata siku ambayo hawakuja. Tena kabla ya kuingia ziwani, muulize mzee aujuaye upepo.